Steshenari ya kujazia fomu za mkopo wa chuo, Wete: nyota nne

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza huko mbele.

Naizungumzia ile steshenari ya Wete iliyo kwenye njia ya kuteremkia bandarini, yenye mlango wa buluu, mkono wa kushoto ukitokea sokoni. Kibao haina. Uliza "kwa dada wa mikopo" na yeyote atakuelekeza. Wanatoa kopi, wanaprinti, wanapiga picha za pasipoti, wanauza madaftari na kalamu kama steshenari nyengine zote, lakini kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti kazi yao kubwa huwa moja: kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mimi ni fundi cherehani wa Konde. Nilikwenda pale kwa ajili ya mdogo wangu wa mwisho, aliyemaliza kidato cha sita na kupata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma kusomea ualimu wa sayansi. Baba yetu ameshafariki, mama yetu analima mwani, na ada ya chuo si pesa ya kupatikana kwa kushona mabuibui.

Naandika kwa urefu kwa sababu huku kwetu watu huchagua pa kujazia fomu kwa kuangalia wapi karibu na wapi rahisi. Fomu ikikosewa si sawa na suruali iliyokatwa vibaya ukasema nitatia kiraka. Dirisha la maombi likifungwa, kijana anakaa nyumbani mwaka mzima, au anakwenda chuo bila ya pesa ya kula.

Kilichonifanya nimuamini yule dada ni kwamba tulipofika hakuwasha kompyuta. Alitusalimia, akamwambia mama, "Shikamoo mama, karibu ukae," akampa kiti chake mwenyewe, kisha akatwambia tutoe karatasi zote mezani. Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, kitambulisho cha mama ambaye ndiye mdhamini, picha. Akaviweka cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne sambamba, akachukua rula, akaiweka chini ya jina na kulisoma herufi moja moja kwa sauti ndogo. Cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis. Cha skuli kimeandikwa Hamis.

Mdogo wangu akasema, "Ni mimi huyo huyo, dada."

"Mimi najua ni wewe," akamjibu. "Mfumo haukujui."

Kisha akaeleza, na alieleza vizuri hata mama akafahamu. Ukiingiza namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, mfumo wa Bodi ya Mikopo huvuta jina lako kutoka Baraza la Mitihani kama lilivyo kule, na huwezi kulibadilisha. Cheti cha kuzaliwa nacho lazima kihakikiwe. Wenzetu wa Bara huhakikiwa vyeti vyao na RITA, wakala wa usajili wa huko, na sisi wa Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kwa hiyo karatasi mbili zinazotoka katika ofisi mbili zinakwenda kukutana mahali ambapo hapana mtu wa kusema "huyu ni mtoto wa fulani, namjua". Zikikutana na majina yanayopishana, kijana ndiye anayeulizwa. Hapa Pemba jambo hili limejaa. Khamis na Hamis, Bakar na Bakari, Abdalla na Abdallah, Seif na Sefu. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia, na karani wa kituo cha afya aliandika alivyosikia yeye. Dada akatuelekeza twende kwa wakili tukafanye hati ya kiapo ya majina kabla ya kuanza chochote, na siku ile hakutuchukulia hata shilingi. Angeweza kutujazia, akachukua pesa yake, na tatizo likajitokeza Oktoba wakati yeye hayupo.

Jambo la pili aliloliona mezani ni lile ambalo halikuwepo. Akauliza, "Cheti cha kifo cha baba kiko wapi?" Hatuna. Baba alifariki nyumbani, tukamzika siku ile ile baada ya Alasiri, ikasomwa hitima, watu wakatawanyika. Kama ilivyo kwa nyumba nyingi vijijini kwetu, hakuna aliyefikiria ofisi. Marehemu anajulikana kijiji kizima kuwa ni marehemu, nani atakayetaka karatasi? Basi Bodi inaitaka. Kijana aliyefiwa na mzazi huangaliwa kwa hali hiyo, lakini lazima aithibitishe kwa cheti cha kifo, na cheti chenyewe kihakikiwe kama kile cha kuzaliwa. Bila ya hicho anasomeka kama kijana ambaye baba yake yuko hai na anaweza kumsomesha.

Nataka niseme hapa, kwa yeyote mwenye mdogo au mtoto ambaye yuko kidato cha tano sasa hivi na mzazi wake ameshatangulia: nenda kasajili kifo hicho mwezi huu. Usingoje matokeo. Kifo kilichochelewa kusajiliwa kina njia yake, inaanzia kwa Sheha, kiongozi wa serikali ya mtaa kwetu, kisha unakwenda ofisi ya wilaya ya Wakala, na sisi wa Konde ya kwetu ni Micheweni. Cheti tulikipata, alhamdulillahi, lakini tulikipata mbio mbio, na mama alilazimika kukaa mbele ya karani akaeleza tena siku ya kifo cha mumewe, saa, na maradhi, huku watu wanasubiri nyuma yake. Jambo hilo lilikuwa na wakati wake wa kufanyika kwa utulivu.

Sasa kazi yenyewe ya mtandaoni. Hapa ndipo ninapotaka wazazi wawe macho, kwa sababu steshenari zote kwa nje zinafanana. Yule dada alimkalisha mdogo wangu yeye mwenyewe mbele ya kompyuta. Namba ya simu iliyoingizwa ni ya mdogo wangu. Paswedi aliichagua mdogo wangu, na dada aligeuka kuangalia ukutani wakati anaiandika. Kisha akampa kipande cha karatasi aiandike mle na akamwambia, "Mpe mama akakuwekee kwenye kasha lake."

Linaonekana jambo dogo. Lakini kijana wa jirani yetu alijaziwa mahali pengine, sipataji, na kwa haraka ya kumaliza foleni waliweka namba ya simu ya dukani na paswedi ile ile wanayowawekea wateja wote. Ilipofika wakati wa kurekebisha kasoro, yule kijana hakuweza kuingia kwenye akaunti yake. Aliyemjazia alikuwa amekwenda Unguja. Ujumbe uliokuwa ukimtafuta ulikuwa unaingia kwenye simu ya mtu mwengine. Kijana mzuri, kafaulu vizuri, na mwaka ule ukampita hivi hivi. Kwa hiyo ukiona mjazaji anakwambia "usijali, namba tutaweka yangu," nyanyuka uondoke, hata kama umeshakaa saa tatu.

Kuhusu pesa. Ada ya maombi ya Bodi ni shilingi 30,000, haina kurudishwa, na hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Dada haigusi pesa hiyo. Alitusomea namba, nikalipa kwa simu yangu, akaniambia niuhifadhi ujumbe. Ya kwake yeye ni 10,000 kwa kujaza fomu yote tangu mwanzo mpaka kuituma, skani shilingi 500 kwa ukurasa, na kopi bei ya kawaida ya Wete. Kwa kazi ya mkupuo mmoja bei hiyo ni kubwa kidogo, na nimesikia kwengine 5,000. Lakini kwake 10,000 hiyo inakuhudumia mpaka fomu ipokelewe, hata ukirudi kwa ajili ya ukurasa mmoja. Mimi naona imelipa.

Kabla ya kujaza alimuuliza mdogo wangu swali ambalo wengi hawaulizwi: unaomba bodi gani? Maana sisi Wazanzibari tuna milango miwili. Ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania nzima, ya sheria ya mwaka 2004. Kila moja ina mfumo wake, mwongozo wake, na masharti yake, na hupati kuhudumiwa na zote mbili kwa wakati mmoja. Aliuliza chuo, akauliza kozi, akauliza ufaulu. Akaangalia pia kama anaingia kwenye ule ufadhili wa Samia ulioanza mwaka 2022 kwa wale waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita, kwa sababu ule ni ufadhili na si deni. Wa kwetu hakufikia kiwango hicho. Wakakubaliana aombe Bodi ya Tanzania. Mwongozo wake umeandikwa kwa Kiswahili na uko wazi mtandaoni bure, na dada anao umechapishwa, umefungwa kwa uzi, umekunjika pembe kwa kushikwa. Anakupa uusome ukiwa kwenye foleni. Mimi nilisoma, na nawashauri mama zangu wanaosoma Kiswahili msione aibu kuuomba.

Mama yangu alikuwa na swali lake, na nilijua atauliza, kwa sababu lilimkosesha usingizi: "Mwanangu, mkopo huu una riba?" Dada hakumcheka wala hakumkatiza. Akamwambia zamani kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, waliyoiita ya kulinda thamani ya mkopo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasumbua masheikh na wazee wengi. Ikaondolewa mwaka 2021. Akamwambia pia kwamba mdogo wangu akija kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka amalize. "Lakini mimi si mwanachuoni, mama," akasema. "Kamuulize sheikh wako umpelekee haya haya niliyokwambia, ukiridhika urudi." Mama akaenda kumuuliza ami yetu anayesomesha madrasa, akaridhika, tukarudi. Yule dada alijua mpaka wa kazi yake, na hilo nimelipenda kuliko yote, kwa sababu angeweza kumwambia mama "ah, haina neno" na foleni ikasogea.

Nilipokuwa nimekaa pale nikamuona pia akikataa pesa. Alikuja bwana mmoja mwenye kijana wake, kijana amesoma skuli ya binafsi Unguja miaka yote, na bwana yule akataka iandikwe kuwa alisomeshwa na msamaria na kwamba yeye baba hana kazi. Dada akamwambia kwa upole kwamba fomu inauliza skuli alizosoma na nani aliyemlipia, na kwamba mtu anatia saini chini ya kiapo. Bwana akaongeza pesa. Dada akasema, "Baba, kaa na kijana wako mkubaliane mtajaza ukweli gani, mimi nipo." Wakaondoka. Sijui walikwenda wapi. Lakini nilifikiri, mfuko wa mkopo ni mmoja, na anayeandika uongo humo anamtoa mtoto wa mtu mwengine, na huyo mwengine angeweza kuwa wa kwetu.

Baada ya kujaza, fomu huprintiwa, na hapo ndipo miguu inapoanza kazi. Kuna kurasa zinazotaka saini ya muombaji, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa, ambaye kwetu ni Sheha, na ya wakili au hakimu. Dada alizitia alama kwa penseli, msalaba mdogo kila panapotakiwa saini, na pembeni akaandika "mama", "Sheha", "wakili". Mama yangu hakusoma skuli. Alisoma chuoni, yaani madrasa, na jina lake analiandika kwa herufi za Kiarabu. Alikuwa na wasiwasi kwamba itabidi atie dole gumba. Dada akamwambia, "Saini ni saini, mama. Muhimu uiandike vile vile kila ukurasa." Mama akainama pale kwenye meza, mikono yake ile iliyopasuka kwa maji ya chumvi na kamba za mwani, akaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, akiinua kalamu na kuangalia ukurasa wa mwanzo kabla ya kuandika wa pili. Dada hakumharakisha. Nyuma yetu watu walikuwa wamesimama mpaka kibarazani.

Sheha wetu alitia saini na muhuri siku ile ile, Mungu amlipe. Lakini wino wa muhuri ulikuwa umekauka na ukatoka hafifu, ukingoni mwa karatasi. Tuliporudi Wete kwa skani, dada aliuinua ukurasa ule kwenye mwanga wa dirisha, akatwambia kwa jicho unasomeka, ila kwenye skani utapotea nusu. Akaskani ili tuone. Kweli, kwenye kioo lilibaki duara bila ya maneno. Akaprinti ukurasa mpya, tukaupeleka tena kwa Sheha na kidau cha wino tulichokinunua dukani kwake. Wapo wanaopiga picha kwa simu, kivuli cha mkono kikaingia, pembe ikakatika, wakatuma hivyo hivyo. Dada anakataa picha za simu kabisa, na anayesimamia upokeaji wa maombi huko mjini hana namna ya kujua kwamba muhuri ulikuwepo kama haukusomeka.

Akaniambia na jengine linalowahusu wengine, nami nalipitisha: kijana mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, kuna fomu maalumu inayothibitishwa na daktari wa wilaya au wa mkoa, na ambaye kaya yake imo TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, aingize namba ya kaya. Watu wanaona haya kuyasema haya mbele za watu, wanayaacha, na hayo ndiyo yanayompa kijana uzito.

Na hapa ndipo ilipopotea nyota ya tano.

Benchi la kusubiria liko nyuma ya mgongo wa anayejaziwa. Kioo cha kompyuta kinaangalia benchi. Kila kinachoandikwa kinasomwa na watu watano, na kwa sababu kuna kelele ya feni na ya barabara, maswali huulizwa kwa sauti. Baba alifariki lini. Nyumba mna nani mwenye kipato. Mama anapata kiasi gani. Nilimuona msichana mmoja, ameulizwa kama baba yake anamhudumia, akanyamaza, akaangalia nyuma, akasema "ndiyo". Mimi nawajua watu wale. Baba yule hajatia mguu nyumbani miaka na miaka. Msichana alijibu kwa ajili ya benchi. Jibu hilo ndilo lililokwenda Bodi.

Nilimwambia dada pembeni, na alisikitika kweli, akamwita yule msichana siku ya pili yake wakakaa wawili wakarekebisha kabla ya kutuma. Lakini benchi bado liko pale pale. Namuomba hapa hadharani, kwa mapenzi: kigeuze kioo kiangalie ukuta, au utundike pazia. Kitambaa nitakishona mimi bure, anipe vipimo tu. Siri ya nyumba ya mtu isiwe bei ya kuomba mkopo.

Mengine ni madogo. Wiki ya mwisho ya Agosti usiende kama una uwezo wa kwenda mapema, kwa sababu mfumo hulemewa nchi nzima, ukurasa unazunguka tu, na umeme ukikatika dada hana jenereta. Kijana anayemsaidia ni mwepesi wa mikono, lakini anasoma majina kwa jicho moja, hana ile rula. Mimi ningengoja zamu ya dada mwenyewe. Mlangoni pana vidaraja viwili virefu, na mzee mwenye fimbo au kijana wa kigari hawezi kupanda bila ya kushikwa. Ubao mmoja wa mvule ungetosha.

Majibu yalitoka kwa awamu. Awamu ya kwanza jina la mdogo wangu halikuwemo, na mama alianza kuhesabu cha kuuza. Dada akatwambia tusiuze kitu, awamu bado zinakuja, na tuangalie kwenye akaunti yake mdogo wangu mwenyewe badala ya kusikiliza orodha zinazozunguka kwenye simu za watu. Awamu iliyofuata akapata. Kapata pesa ya chakula na malazi, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, kapata ya vitabu na viandikwa, na ada kapata sehemu. Sehemu iliyobaki tunalipa sisi, mimi na kaka yetu wa Mkoani, kwa awamu tulizokubaliana na chuo. Wanafunzi pesa ile wanaiita bumu. Ya kwanza ilipoingia, alimpigia simu mama kabla ya kumpigia mtu yeyote.

Asiyeridhika na alichopewa, au aliyekosa kabisa, kuna kipindi chake cha kukata rufaa baada ya awamu kumalizika, nako hutakiwa vielelezo vile vile vilivyo safi. Kwa mteja aliyejaziwa kwake, dada huifanya rufaa bila ya kuongeza bei. Kwa aliyejaziwa kwengine sikuuliza.

Anafungua saa mbili asubuhi. Ijumaa anafunga saa tano na nusu, na hurudi saa tisa. Jumaapili yupo nusu siku msimu wa maombi. Wa Konde na Micheweni, pandeni gari ya mwanzo, mkifika saa tatu mtakuta foleni imeshafika kibarazani. Mchukue vyeti halisi na si kopi, mchukue simu yenye namba ya kijana mwenyewe ikiwa na chaji, na mdhamini aje yeye mwenyewe na kitambulisho chake.